Mstari wa Mkaa Kwenye Mtungi wa Mvua

14 Falgun (kalenda ya Kibengali)
Asubuhi ukungu mwembamba, umeondoka kabla ya saa mbili. Hakuna upepo.

Nimechanganya chupa ya kwanza ya msimu: pakiti moja ya chumvi ya fedha kutoka ofisi ya maji, nusu lita ya maji ya mvuke yasiyo na chumvi, chupa ya kahawia kwa sababu mwanga unaiharibu dawa. Tone moja limeniangukia kwenye kidole cha shahada. Kesho kitakuwa cheusi.

Vipimo vya leo: Bwawa Kubwa, matone 12. Bwawa la kina Gayen, 17. Kisima cha msikitini, 18, kama mwaka jana na kama mwaka juzi. Kisima cha shule, 26. Mpaka ni matone ishirini, zaidi ya hapo chumvi ni nyingi mno kwa kunywa. Nimepaka kibao cha shule rangi nyekundu na vingine vyote kijani.

Mume wangu Hashem amepiga simu kutoka kwenye tanuri za matofali anakofanya kazi. Anakohoa. Amesema si kitu.

15 Falgun
Ukungu tena. Hakuna jambo.

19 Falgun
Jua kali tangu saa tatu. Beli, mdogo wake Hashem, amewasili kujifungua mimba yake ya kwanza hapa kwa mama yake kama inavyopasa. Miezi sita. Amma, mkwe wangu, amekuwa akifagia ua tangu juzi kana kwamba anakuja hakimu.

Beli amekaa kunitazama nikipima. Nimetia dawa ya njano kwenye glasi ya maji ya bwawa, kisha dawa ya fedha tone baada ya tone. Kila tone linaposhuka linafanya wingu jeupe na doa jekundu, kisha doa linapotea.

"Mbona nyekundu haikai, wifi?"

"Chumvi iliyomo inaikamata fedha kwanza. Inaigeuza ule unga mweupe. Chumvi ikiisha, hapo ndipo fedha inaishika dawa ya njano na maji yanabaki mekundu. Basi mimi nahesabu tu matone mpaka yawe mekundu."

"Kwa hiyo nyekundu ikichelewa, ndiyo mbaya."

"Ndiyo."

Akanishika mkono. "Na hii hina nyeusi ya kidole kimoja, umeolewa na chupa?"

Amma amecheka mpaka akaweka kikapu chini.

27 Falgun
Joto. Bwawa Kubwa limeshuka ngazi mbili. Dada Bimola, mjane anayelilinda, amemfukuza bata wa mke wa imamu kwa fimbo. "Mwambie mwenye bata," kanipigia kelele, "leo chai yake atainywa na manyoya!" Kila nyumba inampa kikombe cha mchele kwa juma kwa kazi hiyo. Halindi bwawa kwa ajili ya mchele, lakini mchele ndio anaokula.

3 Choitro
Anga jeupe, halina wingu. Upepo wa moto kutoka kusini.

Dumu la maji ya mvuke limepasuka njiani juu ya baiskeli ya mizigo. Limefika tupu. Nimempigia bwana Tushar wa ofisini. Amesema dumu lingine halipo mpaka mwezi ujao. Nitumie maji ya mvua kama ninayo, ila niyatie tone la fedha kwanza. Yakiwa meupe, yana chumvi, hayafai.

Tunao mtungi mmoja mkubwa uliobaki wa mvua ya Srabon, mwezi wa masika, umefungwa kitambaa. Nimetia tone. Maji yamebaki kama kioo. Nimechanganya chupa ya pili.

Nimemwambia Amma kwamba kuanzia leo mtungi huu ni wa kazi, hata kikombe kimoja kisitoke. Nimechora mstari wa mkaa ndani, pale maji yalipoishia. Amma ameutazama mstari, akanitazama mimi. Beli ameuliza kwa nini asinywe maji ya mvua wakati yapo, ya bwawa yanamkaa mazito kifuani. Nimemjibu kwamba kijiji chenye nyumba mia mbili kinategemea mtungi huo. Sikusema kwa ukali.

Bwawa Kubwa, 13.

6 Choitro
Joto. Mstari haujashuka.

11 Choitro
Joto, vumbi. Mstari haujashuka hata unene wa kidole. Nakiri nilimdhania Amma vibaya. Miaka saba nimekaa naye na kila nilichomwambia alikifanya kwa njia yake. Safari hii amenisikia.

15 Choitro
Upepo wa moto. Ng'ombe wa kina Gayen amekufa. Bwawa lao, 19. Bwawa Kubwa, 14. Limeshuka ngazi tano, watu wanashuka mpaka kwenye tope kujaza mitungi. Beli miguu imevimba kidogo. Amma anasema ni kawaida.

20 Choitro
Asubuhi anga la manjano, hakuna hewa. Chupa imeisha. Nimechanganya ya tatu kwa maji ya mtungi. Imekuwa na ukungu kidogo, kama glasi isiyooshwa vizuri. Nadhani ni vumbi la kitambaa. Nimeiacha itulie mpaka mchana, ukungu umezama chini, juu pamekuwa safi.

Bwawa Kubwa: 24.

Nimerudia. 24. Nimerudia kwa maji ya upande wa pili. 24. Bwawa la kina Gayen, 33.

21 Choitro
Joto.

Nimepaka kibao cha Bwawa Kubwa rangi nyekundu. Dada Bimola alikuwa amekaa kwenye ngazi. Aliniacha nimalize, kisha akashuka, akachota kwa kiganja, akanywa mbele yangu.

"Haya ni matamu."

"Ulimi haupimi, dada."

"Ulimi wangu una miaka hamsini na minane kwenye maji haya. Chupa yako ina siku ngapi?"

"Siku moja," nimesema, kwa sababu ndiyo ukweli.

Amecheka, lakini si cheko la kufurahi. Jioni watu wameanza kwenda na mitungi kisima cha msikitini, nusu saa kwenda na zaidi kurudi kwa sababu ya uzito. Sasa Amma anakwenda mara mbili kwa siku. Nimejitolea kwenda, akakataa.

22 Choitro
Joto. Nyumba nyingi hazikumpelekea Bimola mchele. Nimempelekea vikombe viwili. Amepokea kimoja.

26 Choitro
Asubuhi mawingu ya uongo, saa nne yamekwisha.

Kikao cha kamati ya bwawa uani kwa Mofiz Sardar, mwenye mashamba ya kufugia kamba wa maji ya chumvi. Ameniweka kwenye kiti, si mkekani. Amesema yeye mwenyewe mama yake alimwogesha kwenye bwawa hilo. "Lakini maji yamekufa," akasema. "Maiti mnaikalisha nyumbani mpaka lini? Tukate tuta linalouzuia mto, tuyaingize maji yake ya chumvi, tufuge kamba, kila nyumba ipate fungu lake. Chumvi imeshaingia, tutaizuia nayo nini?"

Bimola alisema kutoka nyuma, "Limekaushwa na jua tu, Mofiz. Mvua ikija litarudi."

"Tumsikilize aliyesoma," Mofiz akasema.

Nikasimama. Nikasema nimepima mara tatu. Nikasema namba haimpendi mtu wala haimchukii. Nilifurahi nilivyolisema hilo, naandika kwa sababu nimeapa shajara hii nisiifiche kitu. Nikasaini karatasi. Tuta litakatwa tarehe 5 Boishakh, mwezi ukiwa mpevu na mto umejaa.

Wakati wa kutoka Bimola hakunisogezea njia. Nimelazimika kumzunguka.

29 Choitro
Joto. Mhudumu wa afya amempima Beli presha, akapima tena, akanitazama mimi badala ya Beli. Apunguze chumvi, amesema, na anywe maji matamu mengi. Amma akamwuliza kwa upole, "Ya wapi, mwanangu?" Binti wa watu akafunga mkoba wake.

Mstari haujashuka.

1 Boishakh
Mwaka mpya. Asubuhi upepo kidogo, ukafa. Watoto wamevaa nyekundu na nyeupe. Beli amelala chumbani, kichwa kinamuuma, hataki mwanga.

2 Boishakh
Anga jeupe tangu alfajiri. Leo ni zamu ya visima.

Kisima cha msikitini: 31.

Niliandika namba hiyo kisha nikakaa nayo. Kisima hicho kina kina cha futi mia tisa. Jua halikifikii, mto haukifikii. Nimekipima mara kumi na moja katika miaka miwili na mara zote kumi na moja kimetoa 18.

Nikafungua kurasa za nyuma. Bwawa Kubwa, 14 likawa 24. La kina Gayen, 19 likawa 33. Kisima, 18 kikawa 31. Nikagawa pembeni mwa karatasi. Mara tatu nikapata jibu lile lile: moja nukta saba na kitu. Mabwawa mawili na kisima haviwezi kukubaliana hivyo. Kilichobadilika si maji yao, ni chupa yangu. Fedha iliyomo ilikuwa imepungua, ikahitaji matone mengi zaidi kuimaliza chumvi ile ile.

Nikaenda kwenye mtungi. Mstari upo palepale. Nikachota nusu glasi, nikatia tone moja.

Yamekuwa meupe kama maziwa.

Amma alikuwa amesimama mlangoni na mtungi wa kisima kiunoni, maji yakimchuruzika mguuni. Aliiona glasi.

"Amma, nani ametia maji humu?"

"Mimi."

"Tangu lini?"

"Tangu siku uliyochora mstari wako." Akaushusha mtungi chini taratibu. "Beli alikuwa na kiu. Nilikuwa nampa vikombe vitatu asubuhi, viwili jioni. Ningefanyaje? Mtoto wangu amerudi kwangu kuzaa, nimnyime maji ya mvua niliyoyakinga mwenyewe?"

"Na ulichokuwa unarudishia?"

"Ya bwawa. Ulipolipaka rangi, nikawa natia ya kisima. Kila siku mpaka kwenye mstari. Wewe unahesabu, mwanangu. Sikutaka uhesabu ukakuta pungufu."

Kama nisingechora mstari, angechota na mtungi ungeshuka, ningeona, ningejua. Mimi ndiye niliyemwonyesha mahali pa kujaza.

"Kuna nini?" akauliza. "Ni kikombe tu cha maji."

Nikamweleza. Alisikiliza mpaka mwisho, akajifunika uso kwa ncha ya sari. Halafu akasema kitu ambacho sikukitegemea: "Basi bwawa ni zima?"

"Nadhani ni zima, Amma. Sina maji safi ya kuthibitisha. Na kisima tulichowapeleka watu kina chumvi kuliko bwawa."

Tukawa tunatazama chumba cha Beli sote wawili.

Nimeikimbiza baiskeli mpaka kwa Mofiz. Hayupo, amekwenda mjini kuchukua vifaranga wa kamba.

3 Boishakh, Ijumaa
Asubuhi joto lenye unyevu, mawingu kusini yasiyosogea.

Saa kumi na mbili nilikuwa sokoni kwenye duka la dawa. Nimenunua vichupa ishirini vya maji safi ya kuchanganyia sindano, vile vya kuvunja shingo. Mwenye duka akaniuliza nina wagonjwa wangapi. Saa nne nimefika nyumbani, nimepima theluthi ya pakiti ya mwisho kwenye mizani, nikachanganya. Maji yamebaki kama kioo.

Kisima cha msikitini: 18.

Bwawa Kubwa: 14.

Nilikaa kwenye ngazi, glasi nyekundu mkononi. Bimola alikuwa ngazi ya chini yangu. Nilimwambia, "Ulimi wako ulikuwa sahihi." Akasema, "Nimwambie nani sasa, bata?" Kisha akaonyesha kwa kidevu. Upande wa pili, juu ya tuta, watu sita wenye majembe walikuwa wanapima kwa uzi.

Nimekimbia. Uani kwa Mofiz kulikuwa na mapipa na mifuko ya plastiki iliyojaa hewa na maji, ndani vifaranga vyembamba kama kucha zilizokatwa, vikirukaruka. Mofiz alikuwa na shati limelowa mgongo mzima.

"Tarehe tano, bwana Sardar. Mlisema tarehe tano."

"Wameniletea mapema. Hawa hawafiki jioni na joto hili, Kohinur. Maji ya mto yanajaa saa saba. Tunakata leo."

"Msikate. Bwawa ni zima. Nilikosea."

Watu wakasogea. Wanawake walikuwa wanatoka kwenye foleni ya kisima, wakatua mitungi. Nilimwona Amma nyuma yao.

"Ulikosea," Mofiz akasema. "Juma lililopita ulisimama hapa ukatuambia namba haimpendi mtu wala haimchukii. Leo imekupenda?"

Wengine wakacheka. Nikafungua mkoba, nikapima maji ya bwawa palepale juu ya pipa, nikahesabu kwa sauti. Saba, nane. Kumi. Kumi na nne, ikawa nyekundu, ikabaki nyekundu. Nikainyanyua glasi juu.

"Na ile ya kwanza ilikuwaje ishirini na nne?"

"Dawa niliichanganya kwa maji yenye chumvi."

"Na nani aliyatia chumvi?"

Amma akafungua mdomo. Nilimtazama mpaka akaufunga.

"Mimi sikuyapima kabla ya kuchanganya. Nilitakiwa niyapime, sikuyapima. Kosa ni langu peke yangu."

Sauti ya kwanza ilikuwa ya kijana mmoja mwenye jembe: "Kwa hiyo leo tukuamini, kesho utasema tena ulikosea?" Angekuwa ameniuliza vibaya ningemjibu, lakini aliuliza vizuri tu.

Mofiz hakucheka. Alijifuta uso akaniambia nimpigie mtu wa ofisi, amsikie kwa masikio yake. Bwana Tushar alichukua muda kupokea. Alikuwa msikitini. Nikamweleza mbele ya watu wote. Akasema taarifa iliyosainiwa ndiyo taarifa. Niandike marekebisho, nilete na sampuli Jumapili, ofisi itapima upya. "Ni siku mbili tu, dada Kohinur."

Mofiz aliangalia mifuko. Vifaranga vingine vilikuwa vimeanza kugeuka vyeupe chini.

"Siku mbili," akasema. Aliinama, akaugusa mfuko mmoja. Kisha: "Kama ungekuja jana."

"Nilikuja jana. Hukuwepo."

"Nilikuwa nakwenda kuwachukua hawa, kwa karatasi yako." Akawaashiria wenye majembe. Hakuwa na furaha. Niandike hivyo, kwa sababu kesho nitataka kumwandika kama mtu mbaya.

Bimola alilala kwenye tuta. Walimwinua wana wawili wa ndugu yake, taratibu, kama mtu anayetolewa kwenye gari. Saa saba na robo tuta limekatwa. Maji ya mto yaliingia ya kahawia, yakifanya povu, na bwawa likapanda haraka ngazi moja, ya pili, ya tatu, na watoto wakashangilia kwa sababu hawajawahi kuliona likijaa bila mvua.

Nilishuka kwenye ngazi na glasi yangu. Sijui kwa nini. Nilitia dawa ya njano, kisha fedha. Wingu jeupe. Kumi. Ishirini. Thelathini. Unga ulikuwa unaanguka chini mzito kama maziwa yaliyoganda. Hamsini. Watu walikuja wakasimama nyuma yangu, wakawa wanahesabu nami kwa midomo. Sitini. Kwenye tone la sabini na moja kidondoshi kikaisha, sikukijaza tena. Glasi ilikuwa bado ya njano na nyeupe. Nyekundu haikuja.

4 Boishakh
Joto. Nimeandika marekebisho kurasa mbili. Jina la Amma halimo.

9 Boishakh
Asubuhi radi za mbali, mvua haikuja.

Wakwe wa Beli wamekuja na gari kumchukua kwenda kuzalia mjini, karibu na hospitali. Mama mkwe wake alikuwa mpole, na hiyo ndiyo iliyouma. "Hatuna ugomvi na nyie, dada. Ila hapa hakuna maji." Amma alikuwa ameshashona nepi kumi na mbili za sari kuukuu. Alizifunga, akampa. Beli uso umevimba hata pete ya puani imezama. Alinishika kidole changu cheusi. "Wifi, ya kwangu ilichelewa, eh?" Sikujua anasema nini mpaka gari lilipoondoka: nyekundu ikichelewa, ndiyo mbaya.

10 Boishakh
Amma hakupika. Nimepika mimi. Hakula.

22 Boishakh
Joto. Mtoto wa kike, kabla ya wakati, kilo moja na robo. Yupo kwenye kisanduku cha joto. Beli hajaamka vizuri, lakini anapumua. Ofisi imesimamisha kazi yangu mpaka uchunguzi uishe. Bibi kizee wa kina Gayen amenigeuzia mgongo kisimani.

7 Joishtho
Hakuna jambo. Bimola amehamia kwa ndugu yake. Fimbo yake ameiacha kwenye ngazi.

29 Joishtho
Asubuhi giza, upepo kutoka kusini-mashariki, harufu ya udongo. Saa tano mvua imeanza, ya kweli, ya kupiga mabati.

Nilitoa mtungi, nikaumwaga, nikausugua kwa majivu na pumba. Mstari wa mkaa ulikuwa umeingia kwenye udongo. Nilisugua mpaka vidole vikaniwasha, ukatoka. Nikauweka chini ya paa baada ya kuacha mabati yaoshwe saa nzima.

Ulipofika nusu, Amma alikuja na glasi. Alinipa. Fedha niliyoichanganya kwa maji ya duka la dawa ilikuwa bado imebaki chini ya chupa. Nikatia tone moja. Tukainama wote wawili.

"Yamekuwa meupe?"

"Hapana, Amma."

Aliitazama glasi muda mrefu, kisha akaimwaga nje mwenyewe, akafunga mtungi kwa kitambaa, mafundo mawili.

"Haya ni ya mjukuu," akasema. "Akiletwa."

Nimepiga hesabu. Bwawa Kubwa likizibwa leo, na mvua ikinyesha kama mwaka wa kawaida, na maji yake yakitolewa kwa pampu kila mwaka, ni miaka minne mpaka lirudi matone ishirini, labda mitano. Halijazibwa. Nimeisikia mvua ikiingia humo tangu jioni. Kamba wanapenda joto, watu wamesema, mvua nyingi itawaua.

Nalala saa nane na dakika ishirini usiku.